Ulimi wa Bihogo

Kila Jumamosi Marsiana aliwaswaga ng'ombe watatu wa kwao hadi kwenye josho la Nyakahura, wakaogeshwe dawa ya kupe. Zamani hiyo ilikuwa kazi ya baba. Lakini baba alikuwa mgambo, na vita vya Kagera vilipoanza alikwenda mpakani na wenzake wa kijiji. Tangu hapo Marsiana alichota maji, akapalilia shamba la ujamaa, akachunga, akambeba na mdogo wake Bernardo. Jioni usingizi ulimkuta tonge bado liko mkononi.

Jumamosi moja alikuta foleni ya ng'ombe imefika barabarani, maana josho la kijiji jirani lilikuwa limeishiwa dawa. Miguu ilimuuma, mtoto wa watu! Akawageuza ng'ombe, akawapeleka mtoni, akawamwagia maji mpaka migongo ikachuruzika.

Mama yake, Rozalia, alipoona manyoya yamelowa alisema, "Ahsante, mwanangu." Neno lile lilimchoma Marsiana. Hata hivyo, Jumamosi iliyofuata alifanya vilevile, na nyingine tena.

Haikuchukua muda, Bihogo, ng'ombe wao mwekundu, akakataa majani. Alihema juu juu, machozi yakimtoka, na maziwa yakakatika. Bernardo naye uhai wake ulikuwa maziwa yale.

Bwana mifugo, mzee Anastazi, alikuja kwa baiskeli, vumbi limemfika magotini. Gari la ofisi lilikuwa limechukuliwa kubeba askari, na msaidizi wake pia alikuwa vitani. Siku hizo alizunguka vijijini peke yake.

"Shikamoo, bwana mifugo," Marsiana alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Poleni na mgonjwa."

Alimpima Bihogo joto, akapapasa tezi chini ya masikio, akafunua kope. Kisha akaketi chini palepale zizini, wala hakungoja kigoda.

"Ana homa," alisema. "Ya kupe au ya mbung'o, siwezi kuapa. Zote huvimbisha tezi. Hadubini ya kupimia damu iko mjini Biharamulo, na majibu yatamkuta amekwisha kufa. Nina dawa kidogo sana, na nikikosea hatupati nafasi ya pili. Mnamwogesha?"

"Kila Jumamosi!" mama alijibu kwa fahari. "Marsiana hakosi."

"Basi si kupe." Mzee akaanza kuvuta dawa ya mbung'o kwenye sindano.

Marsiana aliitazama sindano ile. Akisema, mama atajua kwamba amelea mwongo. Akinyamaza, Bihogo atakufa.

"Sikumwogesha!" alisema akilia. "Niliwamwagia maji ya mto. Foleni ilikuwa ndefu, nami nilichoka."

"Ala! Marsiana!" Mama alijishika kichwa.

Mzee Anastazi hakufoka. Pengine hakuwa na nguvu za kufoka. Aliweka sindano ile kando, akachukua dawa nyingine, akamchoma Bihogo shingoni. Alipoletewa uji, alisinzia kikombe kikiwa mkononi.

Jumamosi alipopita tena, Bihogo alikuwa akicheua. Maziwa yalikuwa kidogo, lakini Bernardo alikuwa amekunywa.

"Nilidhani kazi yako ni sindano tu," Marsiana alisema kwa sauti ndogo.

"Lo! Sindano ndiyo sehemu nyepesi. Daktari wa watu humwuliza mgonjwa panapouma. Wangu hasemi. Wewe unayemchunga ndiwe ulimi wake, na ulimi huo ukidanganya, mimi ni kipofu mwenye sindano. Kuchoka si kosa, mwanangu. Hata mimi nimechoka. Lakini uchovu husemwa, haufunikwi kwa uongo."

"Ungeniambia," mama alisema. "Jirani zetu wangetusaidia. Kijiji ni cha nini basi?"

Siku hiyo mama na Marsiana walikwenda joshoni pamoja. Foleni ilikuwa ndefu kama kawaida, na jua lilikuwa kali. Walisimama zamu kwa zamu hadi ng'ombe wote wakapita kwenye dawa. Walipofika nyumbani, mama alipapasa mgongo wa Bihogo uliolowa, akanusa kiganja chake.

"Ahsante, mwanangu," alisema.

Safari hii neno lile halikumchoma Marsiana.