Miguu ya Sudi

Mashine ilikuwa imechomolewa ukutani, na mguu wa Sudi bado uliruka.

Nesi Germana alisema ni mabaki ya umeme. Mabaki gani, na umeme wenyewe ulikatika tangu asubuhi? Mashine hiyo ilikuja na kontena la misaada. Kila alasiri Germana alimbandika Sudi nyaya mapajani, zishtue misuli isinyauke, ili akizinduka aweze kusimama. Sudi hakuwa amefumbua jicho tangu apinduke na lori alilonunua pale serikali ilipoachia watu binafsi wafanye biashara. Zamda, mkewe, alichoka mpaka mifupa: kulala kwenye benchi, kufua mashuka kwa maji ya baridi ya Njombe, kuambiwa njoo kesho.

Halafu wodi iliyozoea kunuka dawa ya sakafu ikaanza kunukia udi, na udi ulipozidi mguu uligonga chuma cha kitanda, polepole, kama mgeni anayejua atafunguliwa tu, mpaka alasiri moja midomo ya Sudi ikasogea na sauti isiyo yake, tulivu, ikasema:

"Bado mikono."

Germana akaangusha waya. "Mama, mimi Mlutheri," alinong'ona. "Haya hatukufundishwa."

Kheri, mdogo wake Sudi, akamleta Maalim Dulla kutoka Makambako. Maalim alinusa, akasoma, akafunga kitabu.

"Sikudanganyi, bi Zamda. Jini anataka kiti imara, na nyie mnamtengenezea. Miguu ikinyauka, atahama."

"Na mume wangu atasimama na nini?"

"Hatasimama."

Zamda alitaka kumtukana, lakini hata hasira ni kazi. Akazibandua nyaya mwenyewe. Hakuna aliyeuliza jini atahamia wapi.

Mapaja yakakonda yakawa fito. Udi ukaisha. Sudi akazinduka na sauti yake mwenyewe, akaomba chai, akaulizia lori, akajaribu kushuka kitandani, akaanguka. Alipoambiwa nani alikataza mashine, aligeukia ukuta. Zamda akamfunika shuka. Mume aliyenuna ni mume.

Siku ya kuruhusiwa Zamda alichutama, akambeba mgongoni kumpeleka kwenye gari la Kheri. Alijiandaa kwa uzito. Hakuusikia. Mgongo haukuuma, magoti hayakutetemeka, uchovu wa miezi yote ulikuwa umemvuka kama nguo, akatembea, akalipita gari, akalipita geti, Kheri akimwita nyuma, Sudi akimpiga begani, "Zamda, simama, mke wangu, simama," naye akitaka kusimama, akitaka kwa moyo wote, na miguu yake ikizidi kwenda.