Usiniulize Leo

Siku waliyokutana, mwanamume alikuwa amekuja kugombana.

Stesheni ilifurika watu wa asubuhi, mabegi yanagonga magoti, na treni yake ilikuwa imeondoka jukwaa la pili wakati yeye na wenzake wamesimama jukwaa la nne, walikoelekezwa na kipaza sauti. Alikuwa fundi wa lifti, mtu asiyejua kutulia. Alipanda ngazi mbilimbili hadi chumba cha matangazo, akagonga mlango kwa ngumi.

Aliyefungua ni msichana mwembamba mwenye blauzi ya manjano, vifungo vimepishana tundu moja.

"Wewe ndiye uliyesema jukwaa la nne?"

"Ni mimi. Nilisoma mbili, mdomo ukasema nne. Nisamehe, kaka. Ukitaka kunishtaki, ofisi ya mkuu iko chini."

Fundi alikuwa amepanga maneno makali, lakini sauti hiyo aliisikia kila asubuhi kwa miaka miwili. Hasira ikamwishia mlangoni.

"Nimekuja kuuliza treni inayofuata," akadanganya.

"Saa tatu kasorobo. Jukwaa la..." Akachungulia karatasi mara mbili. "La pili."

"Una hakika?"

"Sina," akajibu, na wote wawili wakacheka.

Tangu siku hiyo mwanamume akamwita Sauti, naye akamwita Fundi. Simu zikawa haziishi.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Ngoja nikumbuke."

"Aka! Chakula cha saa saba umekisahau saa nane? Mapenzi yamekupanda kichwani, mama."

Sauti akacheka naye. Simu ilipokatika alibaki akikodolea ukuta macho. Miezi sasa alikuwa anaamka amechoka kuliko alivyolala. Akisoma mstari, unayeyuka kabla hajafika mwisho. Namba za majukwaa alikuwa anaziandika kiganjani. Hakumwambia mtu.

Jumapili moja mama yake Fundi alimwalika nyumbani, saa sita mchana. Saa nne Sauti alitandika magauni mawili kitandani, achague moja. Saa sita alikuwa bado amekaa. Simu ikaita mara kumi na moja. Kila ikiita anaitazama, mkono hauendi. Alipokea jioni.

"Uko wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani! Mama ameshinda mlangoni. Shangazi anauliza kama msichana yupo kweli au nilimwota. Kulikoni?"

Angeweza kusema. Aibu ikamzuia. "Nilisahau."

"Umesahau mama yangu? Sema tu kuna mwingine."

"Hakuna."

"Mtu hasahau anachokipenda!" Fundi akakata simu.

Alianza kwenda kazini kwa basi ili asiisikie ile sauti. Wiki tatu alizunguka mji kama kuku anayetafuta pa kutagia, akiichukua simu na kuirudisha mfukoni. Hatimaye mvua ikampa kisingizio cha kurudi stesheni. Kipaza sauti kikanguruma. Alikuwa mwanamke mwingine, anayetamka kila namba kama anapiga msumari.

"Yule wa zamani yuko wapi?" akamuuliza muuza tikiti.

"Likizo ya ugonjwa. Alitangaza treni mbili jukwaa moja. Watu walimtukana, akalia mpaka dada yake akaja kumchukua."

Muuza tikiti akamwelekeza kwa dada mtu, aliyekuwa mshonaji. Alifungua mlango na pini mdomoni, akazitoa moja moja huku akimpima kwa macho.

"Ndiye wewe. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimekasirika, dada."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi ingia."

Sauti alikaa karibu na dirisha, ndani ya gauni la dada yake linalompwaya. Hakuzungusha maneno.

"Sikusahau. Nilikuwa nachagua gauni."

"Siku nzima?"

"Siku nzima. Daktari anasema ni sonona. Mimi nilijua sonona ni kulia tu. Kumbe inakula na akili: kumbukumbu, umakini, hata kuchagua. Eti ubongoni kuna kemikali inaitwa serotonini, inapeleka ujumbe kutoka seli hadi seli, na dawa ninazomeza zinaigusa hiyo. Nikamuuliza, yangu imepungua? Akasema ubongo si tangi la maji la kuchungulia, na wataalamu wenyewe bado wanabishana. Ananitajia namba nizirudishe kinyumenyume. Jana nilifika nne. Na amenionya, moyo unaweza kupona mapema, akili ikachelewa."

Fundi akapiga magoti. "Nataka kukuoa."

"Usiniulize leo."

"Kwa nini?"

"Leo nikisema ndiyo, huenda ni woga wa kubaki peke yangu. Nikisema hapana, huenda ni ugonjwa. Nataka nijibu mimi."

"Nisubiri hadi lini?"

"Sijui, Fundi."

Kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa adhabu. Kila Jumamosi alikuja akazungukazunguka sebuleni mpaka dada mtu akafoka, "Kaa chini, shemeji, unanimalizia sakafu!" Kila asubuhi alipiga simu.

"Umeamkaje?"

"Vibaya."

"Haya. Kesho nitauliza tena."

Asubuhi moja ikawa "afadhali". Kesho yake ikarudi "vibaya". Wiki zikaenda hivyo, mbele na nyuma.

Ijumaa moja Fundi alikuwa ghorofa ya sita ya jengo la ofisi, kichwa ndani ya shimo la lifti, mikono imejaa grisi. Akasikia mtu anahema kwenye ngazi. Akatoa kichwa: Sauti, sketi ya kahawia, jasho usoni.

"Nani kakuonyesha huku?"

"Ofisini kwenu. Nikasahau ghorofa, nikapiga tena kuuliza. Wakanicheka." Akashika ukuta. "Nimekuja kujibu."

Fundi akakaa sakafuni, bila kuambiwa.

"Akili haijarudi yote," akasema Sauti. "Juzi niliacha jiko linawaka. Kazini wameniweka kwenye tikiti, matangazo bado. Na sonona inaweza kurudi. Nimeyafikiria hayo siku nne, na kila nikiyafikiria naishia palepale."

"Wapi?"

"Kwako. Haya, uliza."

Fundi akafuta mikono kwenye suruali. "Uta... utanioa?"

"Anayeoa ni wewe, bwana!"

Akacheka, cheko ambalo Fundi hakuwa amelisikia kwa miezi. Akauliza tena, sawasawa safari hii, na Sauti akasema ndiyo kabla hajamaliza.

Chini watu wa ofisi wakaanza kupaza sauti, lifti itatengemaa lini? Hakuna aliyewajibu.