Firigisi ya Baba Mkunde

Jiko-tabibu lilitoa ulimi wake wa kioo, likaonja tone la damu kwenye kidole cha Bi Hadiya, kisha likatulia kama mpishi anayepima chumvi. Baadaye likaanza kusuka kuku. Nyuzi za kunde na choroko zilipishana ndani ya chungu mpaka likatokea paja, kikatokea kidari, na mwisho firigisi moja, vyote vikinukia tangawizi. Korogwe nzima siku hiyo hakuna jogoo aliyechinjwa.

Dunia ilishafika huko. Magari ya angani yalipanda Usambara kama kunguru, na saratani, ambayo zamani watu waliitaja kwa kunong'ona, sasa ilikuwa na mashine yake jikoni. Jiko hili alilibuni Mkunde, binti wa pekee wa Bi Hadiya, mhandisi huko Tanga.

Siku Bi Hadiya alipoambiwa ana saratani ya ini, mumewe, Mzee Shemboza, alitupa sigara zake chooni. "Tumeugua wote," alisema, "tutapona wote." Wakaacha vya kukaanga, wakaacha sukari, na kila asubuhi wakawa wanapanda kilima nyuma ya nyumba. Mwanzoni mke alitangulia.

"Baba Mkunde, kaza miguu. Mgonjwa mimi au wewe?"

Mzee alicheka huku akihema. Lakini wiki zilivyopita, mambo yaligeuka. Magoti yake yaliacha kuuma, akawa anafika juu kabla jua halijachomoza, na kumwita mkewe aliyebaki ameketi kwenye jiwe katikati ya njia. "Jikaze, Mama Mkunde. Mbona mimi chakula hiki kinanifaa?"

Mchana huo, kuku wa jiko alipoiva, walikaa na sinia lao moja, kama miaka yote. Bi Hadiya alimega ugali, na kwa ncha za vidole akaisukuma firigisi upande wa mumewe. Firigisi ni ya mwenye nyumba. Mke anayeila mbele ya mumewe, kwa wazee wao, hakulelewa. Mzee akaitia kinywani.

Mlangoni alikuwa amesimama Mkunde. Alikuwa ametoka hospitali na majibu ya mama yake, na hata viatu hakuvua.

"Baba, tema."

"Niteme nini?"

"Hiyo."

Alikuwa ameshaimeza. Mkunde akaketi sakafuni pale pale.

"Mama alikuwa akiona kidonge anatapika," alisema. "Nikaona nimfiche, dawa niitie ndani ya chakula. Ndani ya firigisi. Nilikumbuka nyumba hii firigisi haijawahi kubaki hata siku moja."

"Na aliyekuwa anaila ni nani?" aliuliza Mzee.

Mkunde alinyoosha kidole kwenye jiko. Jicho la jiko lilitazama sinia tu. Sinia likirudi tupu, lilitoa taarifa kwamba mgonjwa amekula dawa yake.

Mzee Shemboza aliyatazama magoti yake. Aliziwaza asubuhi zile zote alizosimama kule juu, kifua kimefunguka kama cha kijana, akimhimiza mtu ambaye dawa yake ilikuwa tumboni mwake yeye.

"Usimkaripie mtoto," alisema Bi Hadiya. "Wala wewe usijilaumu. Nilikupa kwa mkono wangu." Akamsogezea maji ya kunawa. "Ilikuwa tamu?"

"Tamu."

"Basi."

Mzee akamgeukia binti yake. "Muda bado upo?"

"Upo, baba. Ila si ule tuliokuwa nao."

Asubuhi iliyofuata walipanda kilima. Mzee alitembea nyuma ya mkewe, na walipofika kwenye lile jiwe wakaketi wote wawili, wakaliangalia jua hapo hapo.

Mchana jiko likasuka tena. Bi Hadiya alijua sasa kilichomo, na bado mkono wake, ambao haukuwahi kufundishwa njia nyingine, uliisukuma firigisi ng'ambo ya sinia. Mzee akaishika, akainyanyua mpaka mdomoni mwa mkewe.

"Mama Mkunde, leo mwenye nyumba ni wewe."

"Watu wakituona?"

"Kula."

Akafungua kinywa. Alitafuna polepole, ameinamisha macho, kama mtu anayeiba.