Anayebaki Ndani

Siku Primus aliponunua nyumba ya mzee Wenseslaus ilikuwa Jumanne tulivu ya mwaka 1952, kahawa imeshavunwa na jua la Kibosho linawaka vizuri. Nyumba ilikuwa ya mawe, bati juu, ndani ya kihamba, shamba la ukoo lenye migomba iliyoshiba. Mfereji wa maji ulipita hatua kumi tu kutoka mlangoni. Mektrida, mke wa Primus, alikuwa ameteka maji mbali tangu aolewe. Aliuangalia mfereji ule akacheka peke yake.

Mzee Wenseslaus alikuwa amefiwa na mkewe, akaamua kuhamia kwa mwanawe Bomang'ombe. Ili mambo yaende sawa, Primus alimleta karani kutoka Moshi mjini, Bwana Yunusu, aliyekuwa akifanya kazi kwa mwanasheria wa Kiingereza. Yunusu aliketi uani, akatoa karatasi mbili. Moja aliandika yeye. Ya pili, ya kubaki kwa mnunuzi, aliandika Salvina, binti wa kwanza wa Primus, mwenye miaka kumi na minne. Salvina alitolewa shule baada ya darasa la nne ili amlee mdogo wake Kornelia, na tangu hapo hakuwa ameshika kalamu. Siku hiyo aliishika kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

"Huko kwao Uingereza," alisema Yunusu, "mtu hanunui nyumba kwa kuangalia bati. Anauliza kwanza. Mwenye mali ni nani? Mpaka uko wapi? Nani ana haki ya kupita? Maji ni ya nani?"

"Karani, wewe unanunua nyumba au unaoa?" Primus alimtania, na mashahidi wakacheka.

Mzee Wenseslaus alijibu yote. Ukoo umekubali. Mpaka ni masale yale, mimea yetu ya mipaka, yaliyopandwa kwa mstari. Maji ni kwa zamu, na zamu ya nyumba hii ni alasiri.

"La mwisho," akasema Yunusu. "Je, yuko mtu anayebaki ndani, mwenye haki ya kukaa humu hata baada ya kuuza?"

Mzee aligeuza uso. Aliangalia ukingo wa mfereji, palipoota isale moja peke yake, mbali na mpaka.

"Si unaona nyumba ni tupu?" Primus alisema. "Andikeni hakuna, twende tukanywe mbege."

"Ajibu mwenyewe," alisema Yunusu. "Mimi naacha wazi."

Salvina alimtazama baba yake. Baba akaitikia kwa kichwa. Basi akaandika, kwa mwandiko wake mzuri wa shule: *Hakuna*.

Watu wazima walipotia vidole gumba, Kornelia, mwenye miaka mitano, alinyoosha chake. "Na mimi!"

"Wewe bado, mwanangu," Yunusu akamwambia. "Wenye haki ndio hutia kidole."

Wiki ya pili Primus alitaka kupanua njia ya ng'ombe. Akaenda na jembe kwenye lile isale la pekee.

"Baba Salvina, liache," Mektrida alisema. "Isale halikai katikati ya shamba bure. Limepandiwa mtu."

"Sisi ni watu wa kusali, mama. Ng'ombe wapite wapi?"

Akaling'oa, akalitupa, mfereji ukalichukua.

Kesho yake alasiri, maji yalipofunguliwa, Salvina alikuta nyayo mbichi sakafuni. Zilikuwa ndogo, za mtoto. Zilitoka mferejini, zikaingia mlangoni, zikaishia kwenye kitanda cha Kornelia. Alimwita mdogo wake, akampimisha mguu. Nyayo zilimzidi kidogo.

Hazikuonyesha kurudi.

Zikaja kila siku, saa ile ile. Blanketi la Kornelia likawa na unyevu hata likianikwa juani mchana kutwa. Kisha, alasiri moja ya mvua, Salvina alijilaza karibu na mdogo wake.

"Dada," Kornelia alinong'ona. "Sogea. Umemlalia."

"Nani?"

"Mwenye kitanda. Hajakasirika. Anasema tu amechoka kuteka maji peke yake."

Asubuhi Salvina aliichukua karatasi sandukuni, akamshika mama mkono. "Usimwache Kornelia leo. Hata kidogo." Akashuka barabarani, akapata lori la kwenda Bomang'ombe.

Mzee Wenseslaus alikuwa ameketi mlangoni pa mwanawe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umekuja na karatasi."

Salvina hakuwa ameitoa bado.

"Aliitwa Magdalena," mzee alisema. "Miaka saba. Mfereji ulimchukua zamu ya alasiri. Nilimzika pale pale ukingoni, nikampandia isale. Nikamwambia nyumba ni yake, hakuna atakayemtoa."

"Mbona hukusema, babu?"

"Ningesema yupo, baba yako asingenunua. Ningesema hakuna, ningekuwa nimemkana mwanangu. Nikanyamaza." Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Nyumbani kwake ameambiwa hayupo. Nenda upesi. Futa neno hilo, andika jina lake. Na isale lake limwagiliwe."

"Baba aliling'oa."

Mzee akafunika uso kwa mikono yake miwili.

Lori la kurudi lilichelewa. Salvina alipanda mlima akikimbia. Jua lilikuwa limeinama. Alasiri. Alisikia maji kabla ya kuona nyumba.

Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa uani, ameshika kikapu cha majani ya ng'ombe. "Nimetoka mara moja tu," alisema. "Mara moja tu, Salvina."

Nyayo zilikuwepo sakafuni. Safari hii zilitoka. Jozi mbili, bega kwa bega, bila haraka.

Nje, kibuyu cha kutekea kilikuwa kinazunguka juu ya maji ya mfereji.

Walimpata Kornelia ukingoni, kwenye shimo la isale lililong'olewa, maji yamelijaa. Alikuwa amejikunja kama mtoto aliyesogea kumpisha mwenzake.

Wakamzika hapo hapo. Salvina alipanda masale mawili. Miezi mitatu baadaye Primus alisema neno moja: tuuze.

Yunusu akarudi na karatasi zake mbili. Mnunuzi alikuwa mtu wa Sanya Juu, mcheshi, mwenye haraka. Maswali yakaenda vizuri. Mwenye mali. Mpaka. Njia. Maji.

"Je, yuko mtu anayebaki ndani?"

Primus aligeuza uso. Aliangalia mfereji.

"Nyumba si hii hapa, tupu!" mnunuzi alisema. "Binti, andika hakuna."

Salvina aliweka kalamu chini. "Siandiki."

Akaenda sandukuni, akaleta ile karatasi ya kwanza, ambayo hakuwa ameifungua tangu Bomang'ombe, akamkabidhi Yunusu. Karani aliikunjua. Akaitazama. Akamtazama Primus.

Neno *hakuna* halikuwepo. Halikufutwa wala kukwanguliwa. Mahali pake palikuwa na alama mbili za vidole gumba, vidogo, kimoja kikimzidi mwenzake kidogo. Hazikuwa za wino. Zilikuwa za maji.

Yunusu aliiweka karatasi juani, juu ya jiwe. Wakaisubiri wote mpaka kivuli cha migomba kikaifikia.

Alama zilikuwa bado mbichi.