Dume Katika Kizimba cha Jike

"Una dakika kumi," Wesonga, mkuu wa Jemutai katika upelelezi, alimwambia kwenye simu. "Magunia arobaini yanatoka Kimumu kwenda kwa wafugaji wa mji wa Ziwa. Yameandikwa virutubisho vya kuongeza mbegu za sungura dume. Ndani ni sumu. Dume akila wiki mbili, hazalishi tena."

"Na wafugaji?"

"Wataishiwa na sungura, halafu walioleta sumu wawauzie wa kwao. Mgawaji ni Kigen. Sijui ni wetu au wao."

Jemutai alificha bastola yake ya Glock ndani ya sweta, akaingia banda la sungura la Kigen, Kimumu.

Mwanamume mwenye koti la bluu alikuwa akipakia magunia kwenye Hilux. Dereva alikuwa kwenye usukani.

"Mzee Kigen?"

"Ndiye mimi. Leo nimebanwa, mama."

"Niuzie yule jike mweupe. Lakini umpandishe kwanza."

"Nyinyi wanawake hamwezi kungoja."

Akamvuta dume kwa masikio, akamtupa katika kizimba cha jike.

Jike akamrukia. Manyoya yakapaa, damu ikafuata.

Kila mfugaji anajua: jike hupelekwa kwa dume. Ukimpeleka dume kwake, atamrarua.

"Kigen mwenyewe yuko wapi?" Jemutai akauliza.

Tabasamu likamfutika yule mtu. Akachomoa panga, akalishusha.

Jemutai akakwepa. Panga likazama kwenye nguzo. Akauvunja mkono ulioshika panga kwenye kiwiko. Jamaa akampiga kichwa puani, akamkaba kwa mkono uliobaki.

Macho ya Jemutai yakaingia giza.

Akapapasa chini ya sweta. Glock ikabweka mara moja. Yule mtu akaanguka juu ya mabakuli ya chakula, kimya.

Hilux ikanguruma.

Risasi mbili, matairi mawili. Gari likabamiza nguzo ya lango. Dereva akatoka na bastola. Risasi ya tatu ikampasua kiganja.

"Lala chini."

Akalala.

Jemutai akavunja kufuli la stoo. Kigen halisi alikuwa amefungwa waya, meno mawili hayapo.

"Walitaka niwagawie watu wangu sumu hiyo," akasema. "Nikakataa."

Jemutai akamkatia waya, akapiga simu. "Magunia yote yako hapa. Mmoja amekufa, mmoja analia. Kigen ni wetu."

"Sawa," akajibu Wesonga.

"Madam," Kigen akaita, "wafugaji wanangoja Ziwa. Nitawaambia nini?"

Jemutai akafuta damu puani kwa mkono wa sweta.

"Waambie madume yao ni wazima. Wawape majani na maji."

Akapita juu ya miguu ya dereva, akatoka langoni.