Mwani wa Mzazi Haukunjwi

Supu ilianza kunuka kabla ya kuiva. Si harufu ya mwani. Mwani wa kisiwa cha Jindo, ule wa kahawia, hunukia bahari safi. Hii ilinuka mtu aliyelala majini.

"Mama, umepika nini?" Malsun aliuliza kutoka godoroni, kichanga kifuani. Tangu ajifungue, titi halijatoa hata tone.

"Mwani. Kunywa! Maziwa hayaji kwa maswali," akajibu mavyaa wake, Bunrye. Mdomo alikuwa nao, huyo.

Malsun akatia kijiko. Ukatoka unywele mweusi. Akauvuta, ukaja, akauvuta tena, ukazidi kuja.

Mganga Chaesim alipoitwa akafika, alikataa kuvua viatu mlangoni.

"Bunrye, huo mwani uliubebaje kutoka sokoni?"

Bunrye akaendelea kukoroga chungu.

"Nakuuliza wewe, mwanamke!"

"Niliukunja, dada. Mrefu, na mvua inanyesha…"

"Mwani wa mzazi unakunjwa? Una wazimu? Bibi wa Uzazi, mungu anayelinda wazazi na vichanga, ameupa mgongo. Sasa yule mzamiaji aliyekufa maji na mimba yake, asiyewahi kuionja supu ya mzazi, ndiye uliyempakulia!"

"Mtoto hana hata sauti ya kulia," Bunrye akanong'ona. "Niambie la kufanya. Lolote."

"Kakate mwingine, kwenye mwamba alikofia. Ulete mzima, bila kuukunja. Ukiitwa, usigeuke."

Bunrye akatoka mbio, na mganga nyuma yake.

Malsun akabaki akimpulizia mtoto usoni ili asilale moja kwa moja, akisikiliza upepo, akisikiliza mawimbi, mpaka mlango wa jikoni ukalia, na miguu mibichi ikapita sakafuni, chwa, chwa, na kifuniko cha chungu kikafunuliwa, na harufu ile ikaingia chumbani mbele ya aliyeileta.

"Mama? Umeupata?"

"Nimeupata, kipenzi. Nipe mtoto, upumzike."

Kipenzi! Bunrye hajawahi kumwita mtu hivyo, hata mumewe. Lakini Malsun hakuwa na nguvu ya kushangaa. Mikono baridi ikamchukua mtoto, ikarudi naye kwenye giza la jikoni.

Mara uani pakawa na vishindo. "Malsun! Fungua!" Alikuwa Chaesim, analia. "Tumemwopoa mavyaa wako. Amekufa, mwani mkononi!"

Malsun akatambaa hadi mlango wa jikoni. Humo ndani mtoto alikuwa akimeza, kwa pupa, kama asiyeshiba.

"Shii," sauti ikasema. "Mwanangu ananyonya."