Aliyetazama Ni Nani?

“Yule mwanamume ni nani?”

Mackline aligeuka, furaha bado imemjaa usoni. “Yupi?”

“Yule uliyemkumbatia mlangoni mwa kanisa, bega hili, bega lile, kana kwamba hamtaachana!”

“Hardy! Mtoto wa mjomba. Amevuka leo kutoka Kongo. Njoo nikujulishe.”

“Nimekwisha kuona ya kutosha.”

Onen alikuwa amedamka na kusafiri kutoka Kasese, anakofanya kazi katika kiwanda cha saruji, ili asikie ndoa yake na Mackline ikitangazwa kwa mara ya pili katika kanisa la Bwera. Baba yake alikuwa Mwacholi wa kaskazini mwa Uganda, aliyeletwa huku na kazi ya mgodi. Onen alizaliwa chini ya milima ya Rwenzori, lakini adabu ya nyumbani ilibaki ya kaskazini: mwanamume na mwanamke husalimiana kwa mkono, macho chini, basi.

“Kwetu Wanyankole ndugu husalimiwa hivyo,” Mackline alisema taratibu. “Mtume Paulo aliwaagiza waumini wasalimiane kwa busu takatifu. Mimi hata busu sikutoa.”

“Na Bwana mwenyewe alisema nini juu ya tamaa? Si alisema kwamba anayetazama kwa kutamani amekwisha kuzini moyoni?”

“Kwa hiyo mimi ni mzinzi?”

Onen akampa kisogo. Lipo tusi lisilohitaji ulimi, nalo humchoma mtu kuliko yote. Mackline alisimama pale hadi mchumba wake alipopanda pikipiki na kuondoka.

Jioni ujumbe ukamfikia: “Nimemwomba Katekista Baluku asitishe tangazo la tatu. Siwezi kuoa mwanamke asiyejua mipaka.”

Mackline aliusoma, akalia, akanawa uso, ndipo akaandika: “Posa haivunjwi kwa simu. Ulikuja kuniomba kwa mama mdogo, basi njoo unikatae mbele yake.”

Hapo Onen hakuwa na pa kutokea. Siku ya soko alifika kwa Mama Feresita, dada wa marehemu mama yake Mackline na mlezi wake. Alimkuta uani akigeuza kahawa iliyoanikwa. Hardy alikuwa ameketi kando, Mackline amesimama mlangoni.

“Karibu, mkwe,” Feresita alisema bila kuinua uso. “Au nikuite mgeni?”

Hardy akainuka, akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo: “Shemeji, mimi njo Hardy. Nasikia salamu yangu imeleta vita. Vita nilikimbia kule Beni, na huku tena iko?”

Onen alitaka kutabasamu, uso ukakataa.

“Baba yake Hardy alizikwa kule Beni bila Mackline,” Feresita akaeleza. “Njia ilikuwa hatari, hakuweza kuvuka. Mjomba yule alimpenda kama binti yake. Asubuhi ile mlangoni walikuwa wakipeana pole na kufurahi kuonana tena.”

Onen alielewa, lakini mtu aliyekwisha kutoa hukumu hairudishi kwa urahisi. “Mama, poleni kwa msiba. Lakini watu waliona.”

“Waliona nini?” Mackline akauliza.

“Waliona… ulivyomshika.”

“Kanisa zima lilitoka kwa mlango ule. Wazee walipita, wajane walipita, Baluku mwenyewe alipita. Ni nani mwingine aliyeona uzinzi? Bwana alimwonya anayetazama, Onen. Hakumwonya anayesalimu. Sasa niambie, aliyetazama ni nani?”

Kuku alipita akidonoa kahawa. Hakuna aliyemfukuza.

“Nami nina langu,” Feresita alisema. “Siku ulipoleta posa nilikunyooshea mikono yote miwili. Ukaruka nyuma kama aliyekanyaga siafu, ukanipa ncha za vidole, macho huko kwenye migomba. Nikasema, kijana huyu anaona tunanuka!”

“Mama!” Onen alishtuka kweli. “Kwetu mama mkwe haguswi! Nilirudi nyuma kwa sababu nakuheshimu kuliko mtu yeyote katika nyumba hii!”

“Ndivyo alivyoniambia huyu binti. Nilitaka posa irudishwe siku ileile. Akaniomba nisubiri, akaenda Kasese kwa akina mama wa Kiacholi kuwauliza.”

Onen alimtazama Mackline. “Hukuniambia.”

“Ningekuambia nini? Niliuliza kwenu kabla sijakuhukumu. Wewe hukuuliza kwetu.”

Maneno yale yakamvunja. Aliketi juu ya gunia na kufunika uso. “Ulikuwa wivu,” alisema hatimaye. “Wivu wangu mtupu. Nikauvika joho la Maandiko ili nisione haya. Nisamehe, Mackline.”

“Nimekusamehe. Lakini neno lako ulilipeleka kanisani. Kalifute hukohuko.”

Jumapili Onen alisimama mbele ya waumini wa Bwera, akakiri kwamba alimhukumu mchumba wake kwa macho yake mwenyewe yaliyokuwa na kosa. Ndipo Katekista Baluku akasoma tangazo la tatu. “Anayejua kizuizi cha ndoa hii, na aseme sasa.”

Mackline akasimama.

Watu wakageuza shingo. Onen alishika benchi kwa mikono miwili.

“Kizuizi kipo, na Onen ndiye awezaye kukiondoa,” alisema. “Watu wa ukoo wako nitawapigia magoti na kuwapa mkono, kama mlivyolelewa. Ndugu zangu nitawakumbatia, kama nilivyolelewa. Ukubali hapa, mbele ya watu, au tuachane hapa.”

Onen akaliachia benchi. “Nakubali. Na jicho langu likinisumbua, nitalikemea lenyewe. Wewe sitakukemea.”

Baluku akatazama huku na huku juu ya miwani. “Kuna kizuizi kingine?”

“Iko moja, Katekista!” Hardy alipaza sauti kutoka nyuma. “Mimi sikukuja na nguo ya arusi!”

Kanisa lote likaangua kicheko. Mackline alikuwa amekwisha kuacha benchi lake. Alipita katikati ya watu, akaketi kando ya Onen, bega kwa bega, huku katekista akiinua mkono kuomba utulivu.

“Jumamosi ijayo,” Baluku akatangaza, “saa nne asubuhi. Na mtu asichelewe.”